Ajenti Aliyesoma Masharti ya Kila Duka

Katika miaka yote ambayo nimeendesha saiba yangu ya intaneti hapa Busia, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniomba nimchapie masharti ya duka la gemu la mtandaoni. Wengine wote hubonyeza kwamba wamekubali na kuendelea na mambo yao, nami ni mmoja wao. Yeye alivuta kiti hadi dirishani, akavaa miwani, akasema, "Mama Saiba, nitolee hii yote. Usiruke hata mahali pamoja." Printa ikaanza kutema karatasi, ikatema, mpaka nikafungua bunda jipya huku nikisonya kimoyomoyo. Akazipanga, akazitoboa matundu mawili, akazifunga katika faili ya kaki. Kisha akatoa rula na kalamu nyekundu, akaanza kusoma kutoka mstari wa kwanza.

Jina lake sitalitaja. Mtaani tulimwita Ajenti, na hata mke wake alimwita Ajenti. Alikuwa amepitisha mizigo ya watu forodhani kwa miaka mingi, Busia na Malaba, na ingawa alistaafu kabla sijamjua vizuri, kazi haikumtoka mwilini. Alivaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka, na mfukoni hakukosa kalamu tatu. Ukimwonyesha picha ya mjukuu wako kwenye simu, ataitazama, atatabasamu, halafu atauliza ilipigwa lini na nani.

Watu huniuliza mzee kama huyo aliingiaje kwenye gemu za kompyuta. Aliingia kwa kusimama tu. Alikuwa amekuja kumsaidia mteja wake wa zamani kujaza fomu, akaona kwenye mashine ya pili jamaa mmoja akiendesha lori kubwa kwenye skrini. Akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, kwa karibu saa nzima. Jamaa akaanza kutokwa jasho. Hatimaye Ajenti akainama na kumwambia kwa upole, "Umeegesha mlimani na hujavuta handibreki." Wiki iliyofuata alinunua laptopu ya mtumba na kuniuliza gemu ile ya malori inauzwa wapi.

Aliipenda, lakini hakuiamini kabisa. Siku ya kwanza alipovuka mpaka wa nchi mbili za Ulaya bila kusimama, aligeuka akanitazama kama mtu aliyetukanwa hadharani.

"Hii ni uongo," akasema. "Karatasi ameonyesha nani? Foleni iko wapi? Pale Malaba dereva anakaa siku mbili, anapika ugali chini ya trela, na huyu anapita tu?"

"Mzee, ni mchezo."

"Hata mchezo uwe na haya kidogo."

Nimwelezee sasa kama mtaalamu, maana hicho ndicho kilichomfanya ajulikane. Hapa kwetu mfanyabiashara akileta mzigo kutoka Uganda, jambo la kwanza analoamua ni apitie wapi, Busia au Malaba. Mwenye mahindi ana sababu zake, mwenye vyuma ana zake, mwenye samaki hawezi kungoja anavyongoja mwenye saruji. Ajenti mzuri hakwambii mpaka gani ni bora. Anakuuliza unabeba nini. Yeye alilichukua swali hilo na kulihamishia kwenye maduka ya gemu, mzima mzima, na vijana wa Busia wakazoea. Mtu akija na pesa kidogo kwenye simu akimuuliza, "Mzee, hii gemu ninunue wapi?" jibu lilikuwa lile lile: "Unabeba nini?"

Maana yake ilikuwa kwamba utoe maelezo. Unacheza peke yako au na wenzako? Kompyuta ni yako au ya Mama Saiba? Nyumbani kuna intaneti au unaombaomba bandoli za data? Ukiichoka kesho unaweza kuirudisha? Na swali ambalo vijana walilichekea sana: "Na ukifa?"

"Nikifa nitacheza huko, mzee!"

"Wewe cheka tu," alisema, na kuandika.

Maduka yenyewe aliyabatiza majina yake, kwa hiyo mpaka leo wapo watu Busia ambao hawajui majina halisi. Lile kubwa, ambalo kila mchezaji yumo, aliliita Soko Kuu. Alilisifu kwa sababu ukiichoka gemu mapema wanakurudishia pesa bila maneno mengi, na kwa sababu wanatunza maendeleo yako huko kwao, hivyo laptopu ikifa mchezo wako haufi. Alichowalaumu ni kwamba ufunguo wa mlango wanao wao; wakikufungia, huna gemu. Duka la pili, ambalo hugawa gemu za bure, aliliita Msaada. Huko nako alikuwa na akaunti na alipanga foleni kila wiki kama sisi wote, huku akinung'unika kwamba hawezi kumwelewa mtu anayempa kitu bila kumwomba sahihi. La tatu aliliita Bohari, na hilo ndilo lililokuwa na moyo wake. Bohari ukilipa wanakupa faili lenyewe. Unalipakua, unalitia kwenye diski yako, unaondoka, na hata wao wakifunga duka, gemu unayo. "Umetoa mzigo kabisa," alikuwa akisema kwa raha. "Haujabaki kwenye godauni ya mtu." Shida ya Bohari ni kwamba gemu mpya zilichelewa kufika, na nyingine hazikufika kabisa.

Halafu kulikuwa na wale wanaouza funguo za gemu kwa bei ya kutupa, yaani namba ndefu unayoiingiza ukapata gemu, bila kujua ilitoka wapi. Hao aliwaita Panya, kwa heshima ya njia za panya ambazo kila mtu hapa anazijua. Habari za Panya hakutaka hata kuzisikia. Jamaa mmoja wa bodaboda alinunua gemu ya mpira huko, akaitangaza stendi nzima. Baada ya muda mfupi akaja saiba amenuna.

"Mzee, ilikuwa inafunguka poa. Sahi inaniambia sina gemu."

"Ilinunuliwa na kadi ya nani?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Basi hata mwenye kadi hajui wewe ni nani. Amelalamika, pesa imerudi kwake, na duka limeichukua gemu."

Nilingoja amhubirie. Hakumhubiria. Alimkalisha, akamfungulia akaunti Msaada, na kumwonyesha gemu nyingine ya mpira iliyokuwa ya bure wiki ile. Ilikuwa mbaya, wachezaji walikimbia kama wamefungwa miguu, lakini yule jamaa aliicheza mwaka mzima.

Sasa msije mkadhani nawachorea mtakatifu. Mtu huyu aliyewachukia Panya wa mtandaoni, sukari ya nyumbani kwake ilitoka wapi? Nilimkuta mwenyewe Jumamosi moja kwenye kichochoro kinachotokea upande wa pili, juu ya baiskeli, na gunia dogo mbele yake. Akanisalimia, "Mulembe, Mama Saiba," kwa sauti ya mtu anayetoka misa.

"Mzee, na forodha?"

"Hii ni ya chai," akasema. "Chai si biashara." Na akanyonga baiskeli.

Alikuwa pia mkaidi na wa polepole kiasi cha kuudhi. Kununua gemu moja ilimchukua miezi. Alichora jedwali kwa rula: duka hapa, bei hapa, punguzo la sikukuu, kurudisha, kucheza bila mtandao. Kila safu ikijaa, alikumbuka safu nyingine. Alijivunia kwamba hajawahi kununua gemu kwa bei kamili hata mara moja maishani. Mimi nilimcheka waziwazi na yeye alinivumilia. Ningejua jedwali lile lingekuja kumfanya nini, nisingecheka.

Mke wake tulimwita Mwalimu. Alifundisha watoto wadogo chekechea mpaka akastaafu, na bado aliongea nawe akiinama kidogo, kana kwamba wewe ndiye mfupi. Walikuwa na shamba Namboboto, na shamba lile lilikuwa lake hasa, kwa maana Ajenti hakujua kutofautisha mche wa wimbi na majani. Nyonga ilipomharibikia na daktari kumkataza jembe, alikaa nyumbani hapa Busia akiwa na huzuni ambayo hakuisema. Ajenti aliona. Akamtafutia gemu ya kilimo, ile ambayo unalima, unapanda, unakamua ng'ombe, mvua inanyesha na msimu unapita. Hiyo aliinunua haraka kwa kawaida yake, yaani kwa wiki sita.

Mwalimu aliicheza kwa bidii. Alikuja saiba mara mbili kwa wiki, laptopu ndani ya kikapu chini ya sukuma wiki, kuvuta nyongeza kwa intaneti yangu. Alilalamika kwamba wazungu wameweka ngano na hawakuweka muhogo. Hakuuza ng'ombe hata mmoja, hata gemu ilipomshauri. "Huyu bado ananipa maziwa, nimuuze kwa sababu gani?" Walibishana mbele ya wateja wangu kama watoto wa shule, yeye kwenye shamba lake na mumewe kwenye lori lake, wamekaa kwenye meza mbili zilizopakana.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa juu ya akaunti. Mwalimu alifungua yake Soko Kuu bila kumngoja mtu, na akaisajili kwa laini yake ya Uganda. Hili mtu wa mbali halielewi, ila sisi wa mpakani tunalijua: nusu ya Busia ina laini mbili, maana bandoli za ng'ambo wakati mwingine ni nafuu, na mtandao wao unakufikia mpaka jikoni.

"Umeandikisha mali Kenya kwa namba ya Uganda," Ajenti alimwambia. "Siku moja itakuletea shida."

"Itaniletea mimi au wewe?"

"Mwalimu, nakwambia."

"Ajenti, ng'ombe wangu wanataka kukamuliwa."

Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, kukatoka toleo jipya la ile gemu ya kilimo, kubwa kuliko la kwanza, na mabonde, mto, na mazao mengi zaidi. Mwalimu aliona picha zake kwenye mashine yangu, akavuta kiti karibu. Kisha akasema, "Ajenti, hii nataka." Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kabla ya siku hiyo. Ajenti akafurahi kweli, alifurahi mpaka masikioni. Akasema atamnunulia. Na palepale akatoa rula.

Mwezi ule akalinganisha. Bei ya Soko Kuu ilikuwa juu, lakini ingeshuka wakati wa sikukuu. Msaada walisemekana kuwa na kuponi. Bohari hawakuwa nayo bado, ila kama wangeipata, gemu ingekuwa yake moja kwa moja, mzigo umetoka. Mwalimu alimwambia mara moja, mbele yangu, "Wewe nunua tu, popote." Akamjibu, "Ngoja kidogo, mama. Nataka nikupatie yenye haki kamili." Mara ya pili aliuliza kwa utani. Baada ya hapo hakuuliza tena, na Ajenti alichukulia kimya kile kuwa uvumilivu. Aliniambia kwa majivuno, "Mwalimu anajua kungoja." Pasaka ikapita, akachapisha masharti mapya. Mwezi wa nane ukapita. Kila Jumanne alikuwa dirishani pangu na faili lake, na mkewe alibaki nyumbani, maana nyonga ilikuwa imezidi na hakutoka tena ila kwenda misa.

Mwalimu alifariki mwezi wa kumi, asubuhi, akijiandaa kwenda misa. Ilikuwa presha. Jedwali la Ajenti lilikuwa na safu kumi na moja na gemu haikuwa imenunuliwa.

Nitasema ukweli kwamba nilimkasirikia. Nilisimama kwenye matanga Namboboto, nikamtazama amekaa kwenye kiti cha plastiki na shati lake la mikono mirefu, nikawaza, mzee huyu alishindwa kubonyeza mara moja tu. Ilikuwa hasira mbaya na haikuwa yangu kuwa nayo, na nina hakika yeye alikuwa nayo zaidi yangu. Wakati wa kuaga alinishika mkono, akasema, "Mama Saiba, aliniomba kitu kimoja."

Binti yao alikuja kutoka Nakuru kwa mazishi, akaichukua ile laptopu ya mama yake kwa masomo yake, akaifuta yote na kuianza upya. Hakukusudia ubaya. Ajenti hakumwambia kwamba amefuta shamba. Alikuja kuniambia mimi, baada ya karibu miaka miwili ya kutoonekana, na mkononi alikuwa na daftari la chekechea lenye picha ya tembo kwenye jalada. Ndani yake, kwa mwandiko ule wa kuumbia watoto herufi, Mwalimu alikuwa ameandika neno lake la siri la Soko Kuu.

"Wao wanatunza maendeleo huko kwao," akasema. "Shamba lake liko. Nataka niingie, nimnunulie lile toleo, niliweke pale kwenye akaunti yake. Halafu basi."

"Mzee, na atalicheza nani?"

"Hakuna. Nilimwahidi."

Tukaingiza neno la siri. Likakubali. Kisha duka likasema kwamba haliijui mashine hii, na kwamba limetuma namba ya uthibitisho kwa simu yenye mwisho fulani. Ilikuwa ile laini ya Uganda. Na ile laini haikuwa imewekwa salio tangu Mwalimu alipofariki, kadi yenyewe haikujulikana ilipo, na tulipopiga, namba ikaita. Sauti ya mwanamke ikapokea, "Haloo, nani?" Kampuni ya simu ilikuwa imeiuza namba ile kwa mtu mwingine.

Ajenti, kwa adabu zake zote, akajieleza, akamwomba amsomee namba iliyoingia kwenye simu yake. Nilifumba macho. Mpaka mtoto mdogo siku hizi anajua kwamba anayekuomba usome namba ni tapeli.

"Nyinyi ndio wale wezi!" yule mama akafoka. "Juzi mlisema nimeshinda friji. Leo bibi amekufa. Kesho?" Akakata, na tukipiga tena hakupokea.

Ajenti akaandikia duka barua, akaambatanisha cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Wakamjibu kwa upole kwamba wanampa pole, ila akaunti ni ya mtu binafsi na haihamishwi kwa yeyote. Alinionyesha kifungu chenyewe kwenye faili lake. Alikuwa amekipigia mstari mwekundu miaka mitatu nyuma. "Wako sawa," akasema. "Mimi mwenyewe ningewaandikia hivyo hivyo." Nilidhani ameishia hapo, kwa sababu sikuwahi kumwona akienda kinyume na karatasi, ukiacha sukari.

Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe kwamba, baada ya kumwandikia meseji kila siku, yule mama amekubali kuonana naye uso kwa uso, Tororo, sokoni, mchana, na kwamba ningemsaidia sana kama ningemsindikiza ili aonekane mtu wa maana. Nikafunga saiba. Tukapitia Malaba, kwenye geti, na mihuri, maana alikataa njia nyingine. Afisa mmoja mwenye mvi akamtambua.

"Ajenti! Bado uko? Leo unapitisha nini?"

"Leo sipitishi. Naenda kuomba," akamjibu.

Yule mama alikuwa anauza nguo za mitumba, mnene, mwenye macho makali, na alikuwa amewaita wenzake wawili wakae karibu naye endapo sisi ni majambazi. Ajenti akafungua faili, akaanza kumpangia vyeti juu ya sweta za watoto. Akamwonyesha na barua ya duka, na kifungu, na mstari mwekundu.

"Ssebo, hiyo makaratasi toa, inachafua nguo," mama akasema. "Mimi Kingereza sijasoma mingi. Niambie tu, bibi yako alikuwa anacheza nini huko kwa kompyuta?"

Akabaki ameshika cheti hewani. Kisha akamweleza. Akasema alikuwa analima. Akasema nyonga ilimkataza shamba, akalima humo, akawa na ng'ombe ambao alikataa kuwauza. Akasema aliomba shamba kubwa zaidi na yeye akawa analinganisha maduka, miezi kumi, mpaka akafa. Alisema, "Mimi ndiye nilimchelewesha, nnyabo," na sauti ikamkatikia sokoni mbele za watu.

Yule mama akawatazama wenzake. Mmoja wao alikuwa anajifuta macho kwa sweta la kuuza.

"Eh, wanaume," mama akasema, si kwa ukali. "Nenda nyumbani. Kesho kutwa saa nne asubuhi nitashika simu. Unipigie, nitakusomea."

Hiyo kesho kutwa ndiyo siku ya mwisho nitakayoisimulia. Ilikuwa Alhamisi, wateja walikuwa wachache. Ajenti alikuja amenyoa, kavaa tai. Hakuleta faili. Nikamweka kwenye mashine ya dirishani, nikaweka simu yake mezani kwa spika. Tukaingiza neno la siri, duka likatuma namba, na kutoka Tororo sauti ikasoma tarakimu moja moja, kwa kurudia, kana kwamba anamfundisha mtoto kuhesabu. Ukurasa ukafunguka.

"Imeingia?" mama akauliza.

"Imeingia, nnyabo. Asante. Mungu akubariki."

"Sikati. Nataka kusikia shamba kama iko."

Ajenti hakufungua shamba kwanza. Alikwenda moja kwa moja dukani, akalitafuta lile toleo, akalipata. Halikuwa na punguzo lolote siku ile. Akatoa simu ya pili ya kulipia, akaweka kidole tayari, akatafuta mahali pa kununua. Hapakuwepo. Akashuka chini ya ukurasa, akapanda juu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Wamekosea," akasema. "Mama Saiba, hebu soma hapa. Wamekosea."

Nikainama. Mahali ambapo huwa pameandikwa ununue, paliandikwa kwamba gemu hii tayari iko katika maktaba yako.

Nilichukua mausi mkononi mwake, nikafungua orodha ya manunuzi. Ilikuwa na mistari michache tu, na tarehe zake. Mwalimu alilinunua toleo lile mwezi wa kwanza, wiki ya pili tangu alipoliomba, kwa simu yake mwenyewe, kwa bei kamili. Pembeni duka lilikuwa limeandika muda aliolicheza. Zilikuwa saa mia nne na zaidi.

"Bei kamili!" Ajenti akasema, na kwa dakika nzima hilo ndilo lililomuuma. "Bei kamili, Mama Saiba! Hata hakungoja Pasaka!"

Kisha akaiweka chini ile simu ya kulipia. Niliona anahesabu mwenyewe, kwa midomo, Jumanne zile zote alizokaa pangu. Akasema taratibu kwamba nyumbani alikuwa akimkuta ana furaha. Kwamba Mwalimu alimwita mara kadhaa aje aone mto, naye akaenda, akaona maji, akasema ni mazuri, akarudi kwenye jedwali lake. Kwake shamba ni shamba, hakujua kwamba lile la kwanza halikuwa na mto.

"Kwa nini hakuniambia?" akaniuliza.

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu niliona atalishika neno langu kwa muda mrefu. "Alikuona unavyofurahia kumtafutia," nikasema. "Nadhani hakutaka kukuharibia."

Akaweka uso ndani ya viganja, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikainuka kumwambia mteja aliyekuja kutoa kopi arudi baadaye. Simu ikasikika kutoka mezani.

"Mzee? Mzee, ng'ombe wamekufa?"

Alipoinua uso ulikuwa umelowa wote, tai pia imelowa, na alikuwa anacheka.

"Hapana, nnyabo," akasema. "Miaka miwili nimelala nikijua mke wangu alikufa akiningoja. Hakuningoja. Hakuningoja hata kidogo."